Ngamia Tuliyesahau Kumfunga Nairobi



Enyi ndugu na dada zangu, mwezi uliopita nilitoka Idsowe na mke wangu kwenda Nairobi, ili apimwe macho asubuhi ya Jumatatu. Jirani aliniuliza, "Sheikh, mtalala wapi?" Nikamjibu kwamba Mola hamtupi mja wake. Neno lilikuwa la kweli, lakini nililitumia kufichia uzembe wangu.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, tukapita Malindi na Mombasa, tukafika saa nne za usiku. Gesti ya kwanza ilikuwa juu ya baa, na mlango wa chumba haukuwa na komeo. Ya pili ilitaka fedha tusizokuwa nazo. Tukasimama barabarani na mizigo yetu. Mke wangu, ambaye gizani haoni, alinishika kanzu akasema kwa upole, "Mwalimu, leo ngamia hukumfunga." Nikanyamaza, maana hadithi hiyo nilimfundisha mimi.

Tulirudi kwenye chumba kisicho na komeo. Nikaweka kiti mlangoni, nikakesha juu yake. Alfajiri tuliswali Jamia, msikiti wa kuba tatu uliojengwa katikati ya jiji kati ya mwaka 1925 na 1933. Mzee mmoja alisikia lafudhi yangu, akauliza kwetu ni wapi. Nilipomweleza hali yetu, alituelekeza Pumwani, mtaa wenye Waislamu wa tangu zamani, kwa mama mjane apangishaye chumba. Tulipotoka hospitali tulikwenda huko, tukakaa siku tatu. Ya tatu mke wangu alikumbuka methali ya mgeni na jembe, akashika ufagio. Mwenyeji akamnyang'anya, wakacheka wote wawili.

Sheria imempunguzia msafiri rakaa nne zikawa mbili, kwa kuwa safari ina mashaka. Basi sisi waume tusiwaongezee wake zetu mashaka kwa kutojipanga, kisha tukayaita tawakkul. Kabla ya kupanda basi, ulizia chumba kwa jamaa au msikitini. Uliza habari ya komeo, maji ya kutawadha, bei, na umbali wa hospitali. Tena jitahidi ufike mchana.

Mke wangu ametakiwa arudi mwezi ujao. Safari hii nimekwisha kupiga simu Pumwani, naye ndiye aliyesimama kando yangu kuhakikisha.

Wabillahi tawfiq.