Alto ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na tabia moja iliyonikera miaka yote: alto aliiandika mwisho. Soprano kwanza, maana ndiyo wimbo wenyewe. Kisha besi, maana ndiyo sakafu. Tena ikafuata. Alto ikapewa nota zilizobaki, kama mtoto wa mwisho anayeachiwa ukoko. Naijua vizuri kwa sababu nimeimba alto kwenye kwaya yake pale Ngerengere tangu darasa la sita, nimeshikilia "so" moja mstari mzima huku wenzangu wa soprano wakipanda na kushuka kama wanakwenda Matombo kwa miguu.

Alifariki mwaka juzi, mimi nikiwa mwaka wa kwanza, wiki moja kabla ya UE. Alikuwa fundi baiskeli. Aliacha baiskeli mbili za watu zilizofunguliwa nusu na kauntabuku moja la kwaya tatu (jina hilo la dukani lilimchekesha kila alipolinunua) lenye wimbo usiokwisha. Baiskeli wenyewe walizifuata. Daftari ndilo lililoleta maneno.

Sisi ni Waluguru, na kwetu ukoo hufuata mama. Baada ya arobaini wazee walimkabidhi mama daftari la kaka yake, na mama akanipa mimi, kwa kuwa ndiye mpwa ninayesoma nota. Binamu yangu, mtoto wa kumzaa wa Mjomba, aliyekuwa akimshikia taa baba yake akiandika usiku umeme ukikatika, hakubisha. Aliinuka tu akatoka nje. Mimi nikarudi chuo na daftari begani, nikijiona mrithi halali wa mila na desturi.

Ndani mlikuwa na hivi: kiitikio kimekamilika sauti zote nne, kwa zile nota za herufi za do-re-mi ambazo kwaya zetu nyingi huzitumia. Ubeti wa kwanza, soprano na besi tu. Ubeti wa pili, soprano vipimo vinane, halafu mshale unaokwenda pembeni kwenye neno moja, "bado". Mwisho wa wimbo hakuna. Nyuma ya daftari kulikuwa na vipande vitatu vya tyuni visivyosema ni vya wapi, kimoja kimeandikwa nyuma ya risiti ya spoku.

Kwaya ilitaka wimbo huo uimbwe sikukuu ya somo wa kigango. "Wewe si uko chuo kikuu? Malizia." Nasoma Ualimu, Kiswahili na Historia. Muziki niliojua ni ule alionifundisha yeye. Ila nani anamwambia mwalimu wa kwaya kwamba chuo kikuu hakifundishi kila kitu?

Basi nikaanza kutafuta kama kuna watu waliowahi kumalizia kazi za marehemu. Wapo. Mozart alikufa Desemba 1791 akiwa hajamaliza Misa yake ya wafu. Mjane wake alihitaji malipo yaliyobaki, kazi ikamaliziwa na Süssmayr, na aliyeiagiza akapelekewa kama yote ni ya Mozart. Elgar, yule Mwingereza, alifariki 1934 akaacha zaidi ya kurasa 130 za vipande vya simfoni yake ya tatu, na alikuwa ameomba kabisa mtu asiviguse. Miaka zaidi ya 60 baadaye Anthony Payne akavigusa, kwa ridhaa ya familia, na simfoni ikapigwa London Februari 1998. Niliisikiliza usiku hosteli, bando likiisha. Sehemu ya nne haikuwa na mwisho, Payne akautunga mwenyewe: badala ya kumaliza kwa kishindo, muziki unajirudia na kufifia, kama gari linalopita na kwenda zake. Na juu ya kazi hakuandika "simfoni ya tatu ya Elgar". Aliandika kwamba ni vipande vya Elgar vilivyoendelezwa na Anthony Payne.

Tena tusiende mbali. Tyuni tunayosimama wima kuiimba kila mahafali ilitungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya huko Afrika Kusini, kwa nota hizihizi za herufi. Alikufa 1905. Beti saba ziliongezwa na mshairi Mqhayi mwaka 1927, na sisi tukaipa maneno ya Kiswahili tukaifanya ya taifa 1961. Mwalimu mwenzetu huyo. Wangapi kati yetu tunamjua kwa jina?

Nikaingia kazini wakati wa likizo. Alto ya ubeti wa kwanza ilinichukua siku nne, maana kila nilichoweka kilisikika kama mimi, siyo yeye. Ikabidi nirudi kwenye kiitikio kusoma alto niliyoiimba miaka yote bila kuitazama. Hapo nikaona kitu. Kwenye neno zito la kila mstari, soprano imesimama "do", besi imesimama "do", tena imesimama "so". Alto peke yake inashuka, kutoka "fa" kwenda "mi". Ndiyo inayofanya watu wavute pumzi. Kumbe hakuwa akitupa mabaki. Alikuwa anangoja wengine wote wakae, ndipo ajue nani atembee. Nilifunga daftari nikalia kidogo, sitadanganya.

Mwisho wa wimbo nao nikautunga kwa nguvu zote: sauti nne juu, "Amina" tatu, zote zinatua "do". Niliupenda mno. Siku ya mazoezi kwaya ikapiga makofi. Binamu yangu, aliyekaa nyuma kwenye besi, akasema, "Dada, Baba hakuwa anaishia hapo."

Kimya. Nikamuuliza alikuwa anaishia wapi. Akaimba besi peke yake, taratibu, inashuka hatua kwa hatua mpaka ikasimama kwenye "so" ya chini, haijafika nyumbani. Alisema baba yake aliivumisha hiyo kila akipuliza tairi, na akifika pale alikuwa anaanza upya. Nilifungua daftari mikono ikitetemeka. Ilikuwa ile risiti ya spoku, nota kwa nota. Mimi nilikuwa nimeiweka kando nikidhani ni zoezi.

"Amina" zangu zikafutwa siku hiyohiyo. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba watu watadhani tumesahau kilichobaki. Tukamwomba ajaribu mara moja: alto inaondoka, tena inaondoka, soprano inaondoka, besi inabaki inarudia na kupungua kama treni iliyokwisha kupita stesheni. Alijaribu. Hakulalamika tena kuhusu hilo.

Alilalamika kuhusu jingine. Kwenye nakala safi niliandika juu jina la Mjomba, na chini yake: "Alto na tena za ubeti wa 1, na ubeti wa 2 kuanzia kipimo cha 9, zimeendelezwa na mpwa wake, mwisho umekumbukwa na mwanawe." Akasema inachafua karatasi, waumini wanataka wimbo wa marehemu, siyo historia ya familia. Nakala zilipotoka kutolewa fotokopi mjini Morogoro, mstari ule haukuwepo.

Zilikuwa nakala 34. Usiku wa kuamkia sikukuu nilikaa kibarazani na biki kuurudisha mstari kwa mkono, karatasi moja moja. Binamu yangu akaja na kigoda na biki yake, akachukua nusu bila kuniuliza. Zake zote 17 jina langu limekosewa herufi moja. Nimeziacha hivyo.