Namba ya Ghibu

Nilipokuwa na miaka tisa mama alinihifadhisha namba ya simu kama alivyonihifadhisha Alhamdu: anasoma, nafuatisha, mpaka ikatoka yenyewe. Ilikuwa namba ya baba, ya Kencell, yenye kuanza na 0733. Shule zikifunguliwa nilipewa sarafu niende simu ya duka pale Mikindani nikamwombe karo. Baba alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba na kuvuka, na huko Malaba alishafungua nyumba nyingine. Mara nyingi simu iliita mpaka ikakatika, nami nimesimama pale watu wakinitazama. Akipokea, alisema, "Mwambie mamako nitatuma." Sikuchelewa kujua kwamba hatatuma.

Kencell ikawa Celtel, ikawa Zain, ikawa Airtel. Namba ikabaki ileile. Nilipomaliza kidato cha nne niliacha kuipiga, na kwenye harusi ya kaka yangu baba na mimi tulipeana mkono kama wageni wa pande mbili.

Agosti 2024 nilipata kazi Thailand, kuhudumia wateja kwa simu. Wakala alinionyesha barua ya mwajiri na picha za ofisi. Viza ilikuwa ya matembezi. Nilipouliza, nikaambiwa itabadilishwa nikifika. Hapo nilipaswa kugeuza. Kutoka Bangkok tuliendeshwa usiku kucha, kilomita kama 500, hadi Mae Sot, tukavushwa mto Moei kwa mashua. Ng'ambo ya mto ule ni Myanmar, eneo la Myawaddy, linaloshikwa na wanamgambo wenye bunduki. Pasipoti na simu yangu vilichukuliwa kabla sijaketi.

Kazi yenyewe ilikuwa kujifanya mwanamke tajiri kwa picha za mtu mwingine, kuzoeana na wanaume wa Marekani hadi wakuamini, kisha kuwashawishi waweke akiba zao katika sarafu za mtandaoni zisizokuwepo. Tulifanya usiku ili twende na mchana wa kwao. Asiyefikisha kiwango alichomwa kwa rungu la umeme, na wenzake tukiangalia. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshasema kwamba huenda watu 120,000 au zaidi wanashikiliwa Myanmar kwa kazi hii. Mikindani hatukuwa tumelisikia hilo.

Nilitaka mama. Lakini namba ya mama, na ya kaka, na ya kila nimpendaye, zilikuwa ndani ya simu niliyonyang'anywa. Kichwani nilikuwa na namba moja.

Usiku mmoja msimamizi alisinzia. Kule ilikuwa saa tisa na nusu, kwetu saa sita. Nikaandika 254 na zilizofuata kwenye simu ya kazi: "Baba, ni mimi. Nimeuzwa." Nilitarajia kimya. Haikupita dakika mbili akajibu: "Uko wapi, mama? Jibu, kisha futa yote. Usipige."

Baadaye ndipo nilipojua kwa nini hakubabaika. Alishawahi kukaa siku nne mikononi mwa watu wenye bunduki kwenye barabara ya Nimule kwenda Juba, na nyumbani hatukuambiwa. Aliniagiza nisikimbilie mtoni, nisibishane na mlinzi, nisionyeshe kuwa nina haraka. Akataka nimweleze ninachokiona dirishani, na majina ya Wakenya wote wa ghorofa yetu pamoja na makwao.

Wenye kambi walitaka dola 5,000 waniachilie. Baba akakataa. "Anayelipiwa huuzwa kambi nyingine," aliandika. Nilimchukia upya. Karibu wiki tatu sikumwandikia, nikijiona tena pale dukani na sarafu mkononi.

Kumbe alikuwa ameshaliacha lori kwa mwenyewe na kupanda basi hadi Nairobi. Alikaa kwenye benchi za Wizara ya Mambo ya Nje siku baada ya siku, na daftari lake la safari lenye majina kumi na moja, mpaka majina hayo yakapelekwa ubalozi wa Kenya, Bangkok. Aliwatafuta wazazi wa wale kumi pia, mmoja hadi Kakamega, kwa nauli yake mwenyewe.

Tarehe 5 Februari 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa ukivushwa kwenda maeneo yale. China nayo ilikuwa ikibana, na wanamgambo wakaanza kuwatoa watu kwa maelfu. Kutolewa hakukuwa kufika. Thailand haikutaka kuvusha mtu ambaye ubalozi wake haujawa tayari kumpokea, kwa hiyo tulilala sakafuni, choo kimoja kwa mamia, tukiangalia Wachina wakipanda mabasi. Ulipokuja mwito wa Wakenya, majina yetu kumi na moja yalisomwa moja kwa moja. Wengine waliokuwa nasi walianza siku ile kujieleza ni nani. Nauli yangu ya ndege baba aliipata kwa kuuza pikipiki yake.

Uwanja wa ndege wa Nairobi mama alinikumbatia akilia. Baba alikuwa kando, karibu na nguzo, kwa sababu yeye na mama hawasemezani. Nilimwendea. Akaniuliza, "Umekula?"

Karo sijaisahau, na nimemwambia hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni kweli." Aliyenisafirisha hajafikishwa kortini, ingawa sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka afungwe miaka isiyopungua 30 au alipe faini isiyopungua shilingi milioni 30. Baba ndiye anayekwenda kufuatilia faili.

Mtoto wa kaka yangu ana miaka saba. Nimemhifadhisha namba tatu kwa ghibu: ya mama yake, yangu, na ile ya 0733.