Meza za Usiku wa Ramadhani Nakuru



Msomaji wetu wa Mombasa au Lamu akitajiwa usiku wa Ramadhani, huwaza upepo wa bahari, kahawa chungu na viazi karai vyenye ukwaju. Usiku wa Idi ndio hauna haja ya kuelezwa, kwani mtoto gani wa Mombasa asiyeijua Makadara na pembea zake? Ni wachache wanaokumbuka kwamba bara nako kuna nyusiku kama hizo. Sisi tumejaaliwa kualikwa mara kadhaa kusalisha tarawehe Nakuru, na tumeziona.

Mji huo uko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, chini ya Menengai, na baridi yake si ya kanzu moja. Waislamu wa pwani walifika huko pamoja na reli, mnamo mwaka 1900, wakachanganyika na Wanubi, Wasomali na Wahindi, na mtaa wa Bondeni hadi leo unanukia mchanganyiko huo. Watu wakishafuturu, meza hutolewa barazani moja baada ya moja. Huku sambusa, huku kaimati zikigeuzwa katika karai, kule mishkaki, na pembeni mahindi ya kuchoma. Viazi ni vya Molo, vimechimbwa juzi tu. Tuseme kweli, vinavishinda vyetu, ambavyo hutufikia vimeshachoka kwa safari. Taa za sola zimechukua mahali pa koroboi, lakini moshi wa makaa ni ule ule. Hata jirani asiye Mwislamu huja na wanawe, akanunua, akauliza zimebaki siku ngapi.

Ramadhani iliyopita lilizuka shauri katika msikiti mmoja wa mji huo. Baadhi ya wazee walitaka meza ziondolewe kabisa mbele ya msikiti. Walisema vijana wanabaki nje tarawehe ikisaliwa, wanaume na wanawake wanasongamana, na asubuhi njia imejaa karatasi za mafuta. Hoja hizo si za kupuuzwa. Tumeona kwa macho yetu safu ya nne ikiwa na mapengo, na nje watu tele.

Lakini wauzaji karibu wote ni akina mama, na wengine ni wajane. Mmoja wao alitwambia, "Maalim, karo ya muhula mzima naitoa katika mwezi huu mmoja. Wakiniondoa hapa, niende wapi?"

Tuliwakumbusha wazee hadithi ya Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Maswahaba kukaa njiani, waliposema hawana budi, hakuwafukuza, bali aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kwa rai yetu, hiyo ndiyo hukumu ya meza zile. Anayekaa kwa haja hafukuzwi. Hutakiwa haki ya njia.

Kisha tuliuliza jambo ambalo, kwa ajabu, halikuwa limeulizwa: hao akina mama wenyewe husali wapi tarawehe? Kikao kilinyamaza. Ilikuwa kumi la pili la mwezi, na wengi wao hawakuwa wamesali jamaa hata usiku mmoja.

Basi ikakubaliwa kwamba tangu adhana ya Isha hadi witri meza zifunikwe, zisogezwe ng'ambo ya pili ya njia, na sehemu ya wanawake ifunguliwe mapema. Yule mama hakuridhika upesi. "Makaa hayangojei, Maalim," akasema, na alikuwa na haki, kwani gunia la makaa si bei ya mchezo. Mwenziwe, mtu mzima zaidi, akamwonyesha kuyafukia kwa jivu ili yakae na moto wake hadi watu watoke.

Usiku wa 27 sehemu ya wanawake ilijaa hadi ngazini. Vijana wachache waliendelea kuzurura, nao watahitaji shauri lao peke yao, tena la baba zao kabla ya letu. Baada ya witri karai zilirudi jikoni, na biashara ikaenda karibu hadi daku.

Inshallah mwaka huu tutakwenda tena. Yule mama ametuagiza ukwaju wa pwani kilo tano. Wa Nakuru, asema, ni ghali na una mchanga.