Siku Mbili Katika Nyumba ya Tajiri, na Nyumba ya Baba Yetu Gitega



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, wengi mmekuwa mkituuliza habari za safari yetu ya Zanzibar. Tuliahidi kuandika, tukachelewa, na sababu ya kuchelewa mtaiona huko mbele.

Safari haikuwa ya fedha zetu. Wanafunzi wetu wa zamani, ambao leo ni watu wazima wenye kazi zao, walichangishana wakatutuma sisi na mama watoto tukapumzike baada ya miaka 20 ya kusomesha. Tulipanda basi Nyabugogo, tukavuka mpaka wa Rusumo, tukapita Kahama, Singida na Dodoma mpaka Dar es Salaam, kisha tukapanda boti. Walikuwa wameshatulipia siku mbili katika hoteli ya Emerson on Hurumzi, Mji Mkongwe.

Hoteli hiyo ilikuwa nyumba ya tajiri Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia, aliyesimamia ushuru wa forodha zama za Sayyid Barghash. Miaka ya 1990 nyumba ilitengenezwa upya ikawa hoteli. Ngazi zake ni za kupanda polepole huku mtu akishika ukuta. Juu kabisa, kwenye paa, wageni huvua viatu na kukaa chini juu ya mito, kama tunavyokaa kwenye darsa, na mji wote unaonekana. Alfajiri adhana zilianza msikiti mmoja, ukajibu wa pili, ukafuata wa tatu, tukashindwa kuhesabu. Mama watoto alinyoosha mkono dirishani, akacheka: "Mwalimu, vidole vyangu havifiki nje!" Ukuta ulikuwa mnene kiasi hicho.

Hatukusahau mali ile ilitoka wapi. Tharia Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip fedha za misafara yake ya pembe za ndovu, na misafara ile haikuwa ya pembe peke yake, kulikuwa na watu waliofungwa minyororo. Wenyeji husimulia kwamba jina la mtaa, Hurumzi, limetokana na neno uhuru, kwa kuwa hapo ndipo wenye watumwa walipolipwa fidia baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897. Tajiri mwenyewe alifariki mwaka 1891. Nyumba ikabaki, wakalala wengine, na kwa siku mbili tukalala sisi.

Siku ya pili asubuhi tulimkuta mzee mmoja fundi akitengeneza ukuta uchochoroni. Tukamsalimu, akatukaribisha kwenye ngazi. Akatueleza kwamba nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Akasema: "Chokaa inapumua. Ukiiziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani unaila nyumba." Tukamuuliza ni nyumba gani huanguka kwanza. Tulidhani atasema ya maskini. Akasema: "Ile ya warithi kumi wasiozungumza. Kila mmoja anangoja mwenziwe anunue chokaa."

Mchana tulikwenda kutazama Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka ghafla likiwa katika matengenezo, likaua watu wawili. Kama jumba la sultani huanguka, nyumba ya matofali ya udongo itasimama kwa nini?

Ndugu zetu, usiku ule hatukulala. Baba yetu alifariki miaka tisa iliyopita. Mama alikuwa ametangulia. Aliacha nyumba moja hapa Gitega, ya rukarakara, na warithi wanne: sisi, kaka yetu aliyeko Kampala, na dada zetu wawili, mmoja Rwamagana na mwingine Huye. Sisi tulibaki ndani. Chumba cha mbele tukakifanya darasa la watoto. Kila mwaka tunafundisha mirathi, tunachora hesabu ubaoni kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, na nyumba tunayofundishia haijagawanywa. Tulijiambia ni kama wakfu, maana humo inasomwa Qur'ani. Lakini Baba hakusema wala hakuandika kuwa ni wakfu, na mtu haweki wakfu mali ya mwenziwe.

Tukamwambia mama watoto, "Wifi zako hawajawahi kudai." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, wamenyamaza kwa heshima. Kuridhia ni jambo jingine."

Siku ya kuondoka tulipita forodhani penye ile dispensari ya zamani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, akafa kabla haijakwisha, mjane wake akaimaliza mwaka 1894. Mama watoto aliitazama, akatutazama. Hakusema kitu.

Tuliporudi Gitega tuliwapigia simu wote watatu na kuwaomba radhi. Watu wawili waaminifu waliithamini nyumba. Mafungu yalikuwa sita: sisi na kaka mawili mawili, dada moja moja. Dada wa Rwamagana alitushukuru. Wa Huye alilia. Akatueleza kwamba mwanawe alipolazwa hospitali mwaka juzi alikopa kwa jirani. Fungu lake sisi tumelikalia! Hakusema kwa kulaumu, na ndiyo maana liliuma zaidi.

Yeye tumeanza naye, na tumeshammalizia. Wa Rwamagana tunamlipa kidogo kidogo. Kaka bado anataka nyumba iuzwe, na ni haki yake. Tumemwomba atupe muda tumlipe. Asiporidhia, tutauza, na darasa Allah atalipatia pengine. Ndiyo sababu tulichelewa kuandika: tuliona haya kuwasimulia uzuri wa nyumba ya watu kabla ya kuanza kutoa haki za nyumba yetu.

Wazazi, tunakuombeni mambo matatu:

1. Mirathi igawanywe mapema, baada ya kulipa madeni na wasia, wala msingoje mwanamke adai.
2. Anayetaka kuacha wakfu auandike akiwa hai, mbele ya mashahidi. Wasia usizidi thuluthi.
3. Mnaomiliki pamoja, zungumzeni, na kila mtu ajue chokaa ni zamu ya nani.

Na anayepata uwezo wa kulala katika nyumba za kale za Zanzibar, aende na familia yake. Hoteli nyingi za watalii huuza vileo, basi ulizeni kabla ya kulipa. Kisha keti juu ya paa wakati wa Alfajiri, usikilize.

Allah atusamehe tulivyochelewesha, awarehemu wazazi wetu, na atujaalie tuyatende tunayoyafundisha. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.