Vifungo Viwili kwenye Pete Moja

Mjukuu wangu alikuja Namawala tukiwa tunaanika mpunga uani. Yeye ni dereva wa basi la Dar es Salaam hadi Mbeya, na alikuwa amepewa siku mbili za kupumzika. Alipoketi mkekani akatoa funguo mfukoni, akaziweka kando ya sinia. Kwenye ile pete ya funguo niliona vifungo viwili vya chuma, kimoja kina kishikio chekundu, kingine cheusi. Nikakishika kimoja. Ni kitu kidogo, mviringo, kimepoa kama sarafu iliyolala nje, na unene wake ni kama wa kifungo cha koti.

"Hiyo ndiyo aibatani, Babu. Naigusisha pale kwenye dashibodi, mtambo unajua aliyeshika usukani ni mimi."

"Na hii ya pili?"

Akamega tonge, akalizungusha muda mrefu kuliko tonge linavyohitaji. "Ya mwenzangu."

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Yuko kwao Mang'ula."

Sikumkaripia. Babu na mjukuu ni watani, karipio nalimwachia baba yake. Lakini usiku ule sikupata usingizi, maana nilichokishika mkononi nilikuwa nakifahamu tangu ujana wangu. Kwetu kilikuwa kalamu.

Nieleze kwanza kwa wasiojua. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inayafuatilia mabasi ya mikoani kwa mtambo unaoitwa VTS. Basi likipita kilomita 80 kwa saa, mtambo unasema. Likisimama pasipo kituo, unasema. Na safari inayozidi saa nane inatakiwa iwe na madereva wawili, wapokezane. Hapo ndipo aibatani inapoingia: kila dereva ana yake, akiacha usukani anatoka na jina lake, mwenzake anaingia na la kwake. Tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku baada ya miaka mingi ya katazo, jambo hili limekuwa zito zaidi, kwa sababu saa nane za usiku na saa nane za mchana kwa mwili wa mtu haziko sawa.

Sasa chukua vifungo viwili, uviweke kwenye pete moja, umpe mtu mmoja. Anatoka Dar alfajiri kwa jina lake. Akifika Iringa anagusisha cha pili. Kwenye kompyuta dereva wa kwanza amekwenda kulala, wa pili ameamka na nguvu mpya. Ndani ya basi ni mikono ile ile na macho yale yale, na abiria zaidi ya hamsini nyuma yake wamejifunika khanga. Mwenzake wa Mang'ula anatumiwa nusu ya posho kwenye simu. Tajiri ameokoa mshahara wa mtu mmoja, na karatasi zote ni safi.

Mimi nilianza utingo mwaka 1968, kwenye Fiat yenye trela, tukipeleka mapipa ya mafuta Zambia. Smith wa Rhodesia alikuwa amejitangazia uhuru wake Novemba 1965, njia ya mafuta ya kusini ikazibwa, na Zambia ya Kaunda ikawa inategemea sana barabara yetu ya udongo. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Kushuka tulirudi na shaba. Masika gari lilikuwa likizama kwenye tope hadi ekseli, tunakata miti, tunatandika, tunasukuma, tunazama tena mbele. Nilipokuja kushika usukani mwenyewe lami ilikuwa imeshafika Tunduma, na kila dereva alikuwa na kitabu cha safari: umetoka wapi saa ngapi, umefika wapi, umelala wapi, saa ngapi umeamka.

Kitabu kile tulikijaza kwa mkao mmoja. Kizazi changu kinisamehe, lakini ni kweli. Unafika Tunduma, unapaki, unaagiza chai, unafungua kitabu na kuandika usingizi wa siku tatu. Iringa nimelala saa nane. Makambako nimelala saa saba. Wengine walikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ili ionekane haikuandikwa siku moja. Kebo ya spidi tuliichomoa ili kilomita zisihesabiwe. Vilipokuja vidhibiti mwendo, mafundi wa gereji walijua waya wa kukata kabla dereva hajamaliza kueleza shida yake. Na tulijisifu! Kijiweni aliyetoka Tunduma hadi Dar bila kulala alinunuliwa bia, na aliyelala njiani aliitwa bibi harusi. Vijana waliokuwa wakitupangusia vioo walikuwa wanasikiliza. Hao ndio walioajiriwa baada yetu, nao wakafundisha wengine.

Nataka niseme kwa nini nalichukia jambo hili leo, maana sikulichukia siku zote. Mwaka 1983 nilikuwa nateremka kutoka Tunduma na mzigo wa kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Ilikuwa usiku wa tatu sijafumba jicho. Kitonga niliishuka salama, Ruaha Mbuyuni nikanawa uso, Mikumi nikaipita. Sikumbuki nilivyoacha barabara. Nakumbuka nyasi zikipiga kioo, kisha kimya, kisha utingo wangu akiniita kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mguu wake ulikuwa chini ya mlango. Ulikatwa juu ya goti.

Tulipoitwa ofisini nilitaka kusema ukweli: sikulala siku tatu, na aliyenipangia safari alijua, kwa sababu mwendo ule hauwezekani kwa mtu anayelala. Bosi hakupandisha sauti. Akafungua kitabu changu, akakigeuza kinielekee, akaweka kidole. Huo ni mwandiko wa nani? Ulikuwa wangu. Ulisema nimelala Iringa saa nane, nimeamka nikiwa mzima. Basi kama nililala, ajali ni uzembe wangu. Nikafukuzwa, na utingo akapewa nauli ya kurudi kwao Kiberege, kwa maelezo kwamba madai yake ni juu ya dereva mzembe. Aliuza nyanya stendi mpaka alipofariki. Kila nilipopita alinichagulia zile ngumu, akakataa pesa yangu.

Ndiyo maana nikisikia watu wanasema mitambo hii imewekwa kumbana dereva, naumia. Kumbukumbu ya saa ndiyo shahidi pekee aliye naye dereva ndani ya kabini ya gari. Tajiri ana wakili, bima ina wakili, dereva ana kile kilichoandikwa. Mimi nilimfundisha shahidi wangu uongo, na siku nilipomhitaji akasimama upande wa pili.

Na vijana wasidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Ulaya walianza na takografu, sahani ya karatasi inayozunguka nyuma ya spidomita na kuchora mstari. Madereva wakajifunza kuupinda mstari. Mwaka 2006 zikaja takografu za kadi kwa magari mapya, na dereva akajifunza kubandika sumaku kwenye kihisio cha giaboksi, gari linatembea huku mtambo ukiandika kuwa limesimama. Au akaazima kadi ya mwenzake. Marekani, Desemba 2017, walilazimisha malori mengi kuacha daftari na kutumia kifaa kinachosoma moja kwa moja kutoka kwenye injini: saa 11 za kuendesha, kisha saa 10 za kupumzika. Muda si muda akazaliwa kule dereva wa pili asiyekuwepo, jina tu kwenye mfumo, anaendesha wakati mwenye mwili "amelala". Nilipoelezwa hilo nilicheka kwa uchungu. Huyo ni ndugu yake yule wa Mang'ula.

Kwa mabasi yetu walau serikali inatazama. Kwa malori ya mizigo, mara nyingi mtambo uliomo ni wa tajiri mwenyewe. Kaufunga ajue gari liko wapi na mafuta hayajanyonywa njiani. Kama dereva amelala, hilo halikuwa swali lake. Tena kwa baadhi ya mifumo, kijana wa ofisini anaweza kufungua kompyuta na kusogeza saa. Hapo mtu anayepaswa kuzuia uongo ndiye anayefaidika nao, na mimi sioni fundi gani atakayelitibu hilo kwa waya.

Kinachoweza kulitibu nimekiona hapa hapa kijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 watafiti wa malaria kutoka Ifakara walikuwa wakitega mbu Namawala. Nyumba ya kaka yangu ilikuwa mojawapo. Jioni walitundika mtego wa taa karibu na chandarua, alfajiri kijana alikuja na kufuli ya baiskeli shingoni, akafungua mfuko, akahesabu. Masika mbu walikuwa hawahesabiki kwa vidole. Kiangazi ilitokea asubuhi mfuko mtupu. Nikiwa likizo nilimwona akiandika sifuri, akaandika na saa, akatia sahihi. Nikamwambia, mwanangu, si uandike hata kumi, watakufikiri hukufanya kazi. Akaniambia: "Mzee, mimi silipwi kwa mbu. Nalipwa kwa kuja." Na mtu mwingine alikuwa akiwahesabu upya kule Ifakara.

Nimeyabeba maneno yale zaidi ya miaka thelathini. Sisi tulilipwa kwa mbu. Safari moja, posho moja. Safari nne kwa mwezi, unakula. Tatu, watoto wanarudishwa nyumbani kwa ada. Foleni ya bandarini ikikula siku mbili, ile ya Tunduma ikikula nyingine, hakuna aliyelipa siku hizo. Zilikatwa kwenye usingizi wetu. Mlipe dereva kwa siku aliyokuwa kazini, hata ile aliyokaa getini akisubiri kupakia, na sababu kubwa ya kalamu mbili na vifungo viwili itakuwa imeondoka. Aprili 2015 madereva wa mabasi walipogoma, stendi ya Ubungo ikajaa abiria waliokwama, redio zilisema sana juu ya kurudishwa shule kusomea leseni. Mimi nilisikia zaidi pale walipodai mikataba. Mtu asiye na mkataba atakataaje kifungo cha pili anapokabidhiwa?

Na yule wa pili wa kuhesabu mbu, barabarani anapatikana kwa urahisi. Lori likitoka Dar kwenda Tunduma linapita mizani Vigwaza, Mikese, Mikumi, Wenda, Makambako, Mpemba, na kila mzani una saa yake. Risiti ya mafuta ya mashine ina saa. Kilomita za gari nazo zinasema: mtambo ukidai gari lilisimama usiku kucha na asubuhi kilomita zimeruka mia mbili, umekamatwa. Mkaguzi akichukua karatasi hizi akazilaza kando ya kumbukumbu ya dereva, kwa magari machache tu kila mwezi bila kutangaza ni yapi, uongo utaonekana kwa macho bila kompyuta kubwa. Dereva awe na nakala yake kwenye simu, isiyoguswa na ofisi. Anayetaka kurekebisha saa aache ya zamani ikisomeka, aandike jina lake na sababu, na dereva akubali au akatae. Wamarekani wameliweka hilo kwenye sheria yao na ni jambo zuri. Na faini iende kwanza kwa aliyepanga safari. Trafiki akimtoza dereva aliyesinzia, amemtoza mtu aliyekwisha kulipa kwa mwili.

Asubuhi ya pili, kabla mjukuu wangu hajapanda bodaboda kwenda Ifakara, nilimwambia habari ya mguu wa utingo. Hakuwahi kuisikia, hata baba yake sikuwahi kumsimulia. Alinyamaza, akanishika mkono kwa mikono miwili. Hakuniahidi kitu na sikumwomba ahadi, kwa sababu najua ana watoto wawili na chumba cha kupanga. Nilimwomba jambo moja: kila anapoanza na kila anaposimama anipigie, hata kama ni usiku, mimi silali sana.

Nimenunua daftari la kurasa mia. Nimechora mistari mwenyewe kwa rula ya mtoto wa jirani: mahali, saa, amelala kiasi gani, nani yuko naye. Mpaka leo zimejaa kurasa tatu, kalamu moja. Ya jana inasema hivi: Mbezi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, amelala saa tano. Mikumi, saa tano asubuhi. Iringa, saa nane mchana, macho yanamwasha. Makambako, saa kumi na moja jioni. Mbeya, saa mbili na nusu usiku. Mwenzake: Mang'ula.