Mita inasema 68,000, mlango unasema lingine!

Mjini hapa kuna namba mbili ambazo mimi huzipokea kwa tahadhari: mshahara anaoutaja kijana anayeposa, na kilomita zinazosomeka kwenye gari linalouzwa. Zote mbili huwa nzuri kupita kiasi. Tofauti ni kwamba ya kwanza utaijua mkishaoana, wakati ya pili unaweza kuijua leo leo kabla hujatoa hela, ili mradi usione haya.

Ndiyo, haya. Wengi wetu tunauziwa mbuzi kwenye gunia si kwa ujinga, bali kwa kuogopa kumkagulia mtu mali yake mbele ya macho yake.

Mwaka 2019 mama yangu mdogo, muuguzi mstaafu, alitaka kiinua mgongo chake kigeuke Hiace ya kubeba wanafunzi. Miaka 31 ya zamu za usiku, akiba yote ndiyo hiyo. Akanibeba mimi, maana nilipomaliza Form Four nilishinda gereji ya Ilala miaka miwili nikishika spana. Tatizo, dalali hakuwa mtu baki. Ni shemeji wa jirani yake. Sasa hapo ukikagua sana unaonekana unamwita mwizi, na usipokagua unaweza kuibiwa kwa heshima zote.

"Mama, hii chuma," dalali akaanza. "Ya mwaka 2005 lakini imetembea 68,000 tu. Mwenyewe huko Japani alikuwa mzee, hana safari."

Nikapiga hesabu ya kidato cha kwanza. Kilomita 68,000 ukigawa kwa miaka 14 unapata kama 4,860 kwa mwaka, yaani 13 kwa siku. Ni kama kutoka Mwenge hadi Posta na kulala huko huko! Jamani, Hiace ni gari la kazi, nani anainunua aiweke uani kama ua la plastiki? Hesabu peke yake haimfungi mtu, lakini inakuambia ufungue macho.

Nikaanza na miguu. Raba ya pedeli ya breki ilikuwa imelika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia. Usukani uling'aa kama kipara. Siti ya dereva ilikuwa imebonyea upande wa mlangoni, pale mtu anapopandia na kushukia. Gari la kilomita 68,000 halichoki hivyo.

Halafu nikafungua mlango wa dereva, nikachungulia ubavuni. Mafundi wa Japani wana tabia nzuri sana: wakimwaga oili wanabandika kikaratasi chenye tarehe na kilomita. Wakibadilisha mkanda wa taimingi, ambao kwa injini nyingi za zamani za Toyota hubadilishwa kila kilomita 100,000, wanabandika kingine ndani ya boneti. Warudisha kilomita wengi huvibandua. Huyu wa kwetu nadhani alikiona cha Kijapani akakipuuza. Lakini bwana, namba ni namba. Kilikuwa na mwaka 25 na kilomita 143,000. Wajapani wana kalenda yao ya utawala wa mfalme: mwaka wa 1 wa Heisei ni 1989, kwa hiyo mwaka wa 25 ni 2013. Yaani mwaka 2013 gari lilikuwa na 143,000, na 2019 lina 68,000. Lilikuwa linatembea kinyumenyume?

"Dogo, huo mlango umetoka gari lingine," dalali akajitetea.

Mama mdogo, aliyezoea kusoma mafaili ya wagonjwa, akauliza kwa upole, "Baba, kama mlango si wake, basi hili gari liligonga nini?"

Kimya. Nikaomba cheti cha kutolea gari Japani. Kule magari hupelekwa kukaguliwa na serikali kwa ratiba, gari dogo la familia likitimiza miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, na kilomita huandikwa kwenye hati. Zinatokea hata kwenye cheti cha kusafirishia nje. Tukaambiwa karatasi ziko kwa bosi, na bosi yuko safari. Tukaaga.

Msidhani ni mchezo wa Bongo tu. Idara ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa huko kila mwaka yakiwa na kilomita za uongo, pamoja na kwamba wana sheria tangu 1972. Ubelgiji, anayeuza gari lililotumika lazima ampe mnunuzi hati ya kilomita iitwayo Car-Pass, mfumo ulioanza 2006. Zamani mita ilifunguliwa na namba kuzungushwa kwa mkono. Siku hizi mtu anachomeka kakompyuta chini ya dashibodi, anaandika anachotaka. Kwa hiyo usiseme "hii ni ya dijitali, haichezewi". Ndiyo inachezewa haraka zaidi! Dawa yake ni fundi mwenye mashine ya kupima, kwa sababu kwenye magari mengi kilomita huhifadhiwa pia sehemu nyingine ambayo mchezaji huisahau.

Angalia na tairi. Ubavuni kuna namba nne: 1817 ni wiki ya 18 ya mwaka 2017. Gari linalodai kilomita 20,000 huku limeshavaa tairi zilizotengenezwa miaka mingi baada ya lenyewe, mwulize mwenye nalo zile za kwanza ziliisha kwa kwenda wapi.

Baada ya wiki tatu mama mdogo alinunua Hiace nyingine yenye kilomita 187,000. Mtaa mzima ulimcheka. Lakini karatasi, kibandiko na pedeli vilisema kitu kimoja, bei ilikuwa chini, na tofauti ikalipia mkanda, oili na breki. Kilomita nyingi si ugonjwa. Ugonjwa ni kutozijua, ukapitisha muda wa mkanda, ukakatika barabarani na watoto wa watu wamo ndani.

Shemeji wa jirani alituninia mwaka mzima, hata kwenye kipaimara hakutusalimia. Sawa tu. Kununa hakuhitaji fundi, injini iliyokufa inahitaji.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku yako ikifika chuchumaa, funua kapeti, soma vibandiko. Akikuuliza "Kwani huniamini?", mjibu kwa tabasamu: "Wewe nakuamini, kaka. Mita ndiyo sijaizoea."

Tukutane wiki ijayo.