Karafuu Mezani Alabama

Ndugu zangu, wengi mnanijua kwa kupika pilau siku za mikutano ya chama chetu, si kwa kuandika. Lakini mhariri kaniganda tangu mwezi wa tisa niandike "chochote kuhusu jimbo tunaloishi". Haya, nitaandika yaliyonikuta Sikukuu ya Shukrani, maana hadi leo yananisumbua.

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja ni mtoto wa hapa hapa Alabama. Bweni lilipofungwa kwa likizo akanionea huruma, akanichukua hadi kwa bibi yake, wilaya ya Lowndes. Tulipita barabara namba 80, ile waliyotembea kina Martin Luther King kutoka Selma hadi Montgomery, Machi 1965. Mie nilitarajia kuona pamba pande zote. Nikaona ng'ombe na misonobari.

Mezani kulikuwa na bata mzinga, na mboga mfano wa sukuma wiki (zimepikwa na nyama ya nguruwe, nikaziacha kwa masikitiko), na katikati paja zima la nguruwe limechomekwa karafuu kama misumari. Nikasahau adabu. "Karafuu! Kwetu Pemba hizo!" Pengine zilitoka Madagaska, lakini nani atamnyamazisha Mpemba akiona karafuu? Bibi akafurahi, akataka kujua zinachumwaje. Nikamweleza mti ulivyo mrefu, watu wanavyopanda, kuchambua vikonyo, kuanika majamvini. Akawa anatikisa kichwa kama mtu anayeijua kazi.

"Na zamani," akauliza, "zama za babu wa babu yako, nani alikuwa anachuma?"

"Watumwa, bibi."

"Wa nani?"

Nikatia wali mdomoni nikatafuna muda mrefu sana. Hakunisukuma. Akaanza kusimulia ya kwao.

Hapa inabidi niwape historia kidogo. Sehemu ile huitwa Ukanda Mweusi, kwa sababu ya udongo wake mweusi wenye rutuba. Ilikuwa nchi ya Wamuskogee, ambao Wazungu waliwaita Creek. Mwaka 1814, baada ya kushindwa vita, walilazimishwa kutia saini mkataba uliowanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi. 1819 Alabama ikawa jimbo. 1836 waliobakia wakahamishwa kwa nguvu, wengine kwa minyororo, kupelekwa magharibi ya Mto Mississippi. Nyuma yao ikaja pamba, na pamoja na pamba wakaja watumwa. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 964,201 Alabama nzima, na 435,080 kati yao walikuwa mali ya wenzao. Mwaka huo huo wa 1860 jahazi Clotilda liliingiza kwa siri karibu na Mobile watu wapatao 110 kutoka Dahomey, ingawa kuingiza watumwa kulikuwa kosa tangu 1808. Wenyewe wakalichoma moto kuficha ushahidi. Mabaki yake yalithibitishwa 2019.

Vita vikaja, uhuru ukaja, watu weusi wakapiga kura na kuchaguliwa. Kisha likafungwa lile dirisha. Katiba ya jimbo ya 1901 ilitungwa makusudi kuwatoa kwenye daftari: kodi ya kura, mtihani wa kusoma, na vikwazo vingine tele. Machi 1965 ilipoanza, Lowndes, wilaya ambayo wanne katika kila watano walikuwa weusi, haikuwa na mweusi hata mmoja aliyeandikishwa. Si wachache. Hata mmoja.

Baba wa bibi yule alikuwa analima kwa kugawana na tajiri Mzungu: ardhi ya tajiri, mbegu na chakula kwa mkopo, na daftari la madeni analiandika tajiri. Sheria mpya ya kura ilipopita Agosti 1965, akaenda kujiandikisha. Akaambiwa ahame. Mwisho wa mwaka wakawa wanaishi kwenye mahema kando ya barabara ile ile namba 80, wao na familia nyingine zilizofukuzwa kwa kosa hilo hilo, na usiku magari yanapita watu wakiwafyatulia risasi. Bibi alikuwa msichana mkubwa. Anasema kilichomuudhi zaidi si risasi, bali matope, kwa sababu mama yake alikuwa mtu wa usafi.

Tuliporudi chuoni nikaingia maktaba. Nilitaka kuhakikisha kwamba ya kwetu na ya kwao ni mambo mawili tofauti. Nilichokikuta ni merekani.

Bibi yangu wa Wete mpaka leo shuka nzito isiyopaushwa anaiita merekani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Kumbe Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, 1837 wakaweka balozi mdogo Unguja, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta kitambaa na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa kilifumwa Massachusetts, lakini kule pamba haioti. Ilitoka Kusini, Alabama ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa, na Mobile ilikuwa bandari ya pili ya pamba baada ya New Orleans. Vita vilipoanza 1861 pamba ikakatika, na merekani ikaadimika Unguja.

Merekani hiyo ndiyo iliyobebwa na misafara kwenda bara kununulia pembe, na watu pia. Na huku visiwani ndiyo waliyovaa watumwa mashambani. Yaani mtumwa wa Alabama alichuma pamba, akaivaa mtumwa juu ya mkarafuu. Nilifunga kitabu nikatoka nje.

Jumapili nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Ushakula?"

Nikamuuliza zamani nani alikuwa akichuma shambani kwetu. Akasema, "Watu wetu." Maisha yangu yote nimelisikia neno hilo nikidhani maana yake ni ndugu. Nikamuuliza, watu wetu kwa vipi? Kimya. Nikadhani simu imekatika. Halafu akasema kulikuwa na mzee mmoja, yeye alimkuta akiwa mtoto, akikaa kibanda cha nyuma na kuwasukia vikapu vidogo vya kuchezea. Akiitwa Mabruki.

"Jina alilopewa hapa," akasema. "La kwao silijui. Hatukumuuliza."

Katika walioletwa na Clotilda, Alabama ilimjua mmoja kwa jina la Cudjo Lewis. Aliishi hadi 1935, na jina lake la kwao lilihifadhiwa kwa sababu aliwatajia waliokuja kumuuliza: Kossola.

Bibi wa Lowndes ameshamtuma mjukuu wake mara mbili kuniuliza kama nimepata jibu la swali lake. Pasaka tunakwenda tena. Nimeagiza pakiti ya karafuu kutoka nyumbani.